Lichi Haingoji, Zeituni Hailiki Mbichi

Kusini mwa jiji la Roma, karibu na mto Tiber, kuna kilima kiitwacho Monte Testaccio. Kimo chake ni kama mita 35, kimeota nyasi na vichaka, na mgeni asiyeambiwa hudhani ni kilima kama vilima vingine. Ukikichimba hukuti mwamba. Utakuta vigae, vigae vitupu, vya mitungi inayokadiriwa kupita milioni 50. Mingi ilileta mafuta ya zeituni kutoka Baetica, sehemu ya Hispania ambayo leo ni Andalusia, na mingine ilitoka Afrika ya Kaskazini. Mtungi mmoja wa Baetica ulichukua lita 70 hivi. Ulipomwagwa mafuta yake haukurudi kazini, kwa sababu udongo uliokwisha kunywa mafuta huvunda. Ulivunjwa na kupangwa juu ya wenzake. Juu ya vigae vingi bado yanasomeka maandishi ya wino: uzito wa mtungi mtupu, uzito wa mafuta, jina la mfanyabiashara, na alama za wakaguzi wa serikali.

Tuhamie China. Karne ya 8, Chang'an ndio mji mkuu wa watawala wa ukoo wa Tang. Mfalme Xuanzong, aliyetawala kuanzia 712 hadi 756, alimpenda Yang Guifei kuliko wake zake wote, na Yang Guifei alipenda lichi. Chang'an haina milichi. Matunda yalitoka kusini, ng'ambo ya milima, yakipokezanwa na wapanda farasi kituo kwa kituo, usiku na mchana, ili yamfikie kabla hayajaharibika. Wanahistoria wanabishana mpaka leo kama yalitoka Sichuan au mbali zaidi, kule Lingnan. Mwaka 755 uasi wa An Lushan ulizuka, na mwaka uliofuata askari wa mfalme mwenyewe wakagoma kusonga mbele mpaka Yang Guifei auawe. Akanyongwa njiani. Miaka mia moja baadaye mshairi Du Mu alilitumia tunda hilo kuisema serikali iliyosahau kazi yake, na hadithi haijachoka: mwandishi Ma Boyong ameitungia riwaya ya mtumishi mdogo wa serikali anayetwishwa kazi ya kuleta lichi mbichi mjini, na mwaka 2025 riwaya hiyo ikawa tamthilia na filamu.

Mafuta yaliacha kilima. Lichi hazikuacha hata ganda.

Watu wanaolinganisha matunda haya mawili huanzia mdomoni. Moja tamu, jingine chungu. Moja maji, jingine mafuta. Moja la Mashariki ya Mbali, jingine la Bahari ya Kati. Yote kweli, lakini hayaelezi mengi. Mimi naona lililoamua nani ale, nani auze na nani atajirike ni muda ambao tunda linaweza kukaa baada ya kutoka mtini. Lichi hukaa siku chache. Mafuta ya zeituni hukaa mwaka na zaidi. Sehemu kubwa ya historia yao inatokana na tofauti hiyo, ingawa si yote, na pale isipotosha ndipo habari inaponoga.

Mlichi ni wa ukoo mmoja na mshokishoki, kwa hiyo aliyekula mashokishoki ya Unguja hahitaji maelezo marefu. Ondoa zile nywele, weka ganda jembamba lenye vipele vyekundu, na lichi umeshaiona. Libonye kwa kucha upande wa kikonyo, ganda linapasuka, maji yanachuruzika hadi kifundo cha mkono, na ndani unaona nyama nyeupe inayopitisha mwanga, yenye harufu inayokaribia ya waridi. Nyama hiyo wataalamu wa mimea hawaihesabu kuwa ukuta wa tunda. Ni koti la mbegu, linaloanza kukua kwenye kitako cha mbegu na kupanda mpaka kuifunika yote. Tunda hasa, kwa hesabu yao, ni lile ganda unalotupa. Katikati kuna mbegu moja ya kahawia inayong'aa, na Wachina hulipa zaidi kwa aina ambazo mbegu hiyo imesinyaa ikawa kijiti, kwa sababu kiinitete kilikufa mapema na nyama ikajaza nafasi. Gramu 100 za nyama hiyo zina maji gramu 82 hivi, sukari 15, vitamini C zaidi ya miligramu 70, na mafuta chini ya nusu gramu.

Zeituni ni kinyume chake karibu kwa kila kipimo. Ni tunda la kokwa, kama embe, ila sukari yake ni asilimia 3 hadi 6 tu, na mafuta hufika asilimia 15 hadi 30 kutegemea aina na kuiva. Za kijani na nyeusi si aina mbili. Ni tunda lilelile lililochumwa mapema au likaachwa mtini mpaka likaiva.

Lichi haiivi baada ya kuchumwa. Ilivyokuwa mtini ndivyo itakavyoliwa, ila ubaya tu ndio unaoongezeka. Kishada kikishakatwa, ganda huanza kupoteza maji, vimeng'enya huivunja ile rangi nyekundu, na kwenye joto la kawaida siku mbili tatu zinatosha kuligeuza kahawia. Nyama bado ni nzuri kwa muda, lakini mnunuzi hununua kwa macho. Bai Juyi, mshairi na afisa wa Tang, aliagiza picha ya lichi ichorwe karne ya 9 na kuiandikia maelezo kwa ajili ya wasiowahi kuliona tunda lenyewe. Kuharibika kwake upesi ni miongoni mwa aliyoyaeleza. Kwa watu wa kaskazini picha ndiyo iliyokuwa njia rahisi.

Watawala walijaribu njia nyingine. Mwaka 111 kabla ya Kristo, baada ya kuiteka Nanyue kule kusini, mfalme Wu wa ukoo wa Han aliamuru milichi iletwe ikapandwe kwenye kasri karibu na Chang'an. Ikafa. Ikaletwa mingine, nayo ikafa. Ikabaki njia ya kuyabeba matunda, na hiyo ilikuwa na bei yake. Wakati wa mfalme He, aliyetawala hadi mwaka 106 baada ya Kristo, afisa wa wilaya aitwaye Tang Qiang aliandika kulalamika kwamba watu wanakufa njiani kwa ajili ya matunda ya meza ya mfalme. Mfalme alisoma, akafuta agizo. Ni nadra katika historia ya kodi za anasa kuona malalamiko ya afisa mdogo yakisikilizwa hivyo, na huenda ndiyo sababu waandishi wa historia waliyahifadhi. Miaka mia sita na kitu baadaye farasi walikuwa barabarani tena.

Basi kwa karne nyingi lichi mbichi ililiwa na watu wa namna mbili: jirani wa mti, na mwenye amri juu ya farasi. Aliyekuwa katikati, mwenye fedha lakini hana amri, hakuipata. Hata sasa kuna mabaki ya hali hiyo. Zengcheng, mkoani Guangdong, kuna mti mzee wa aina iitwayo Gualü, wenye umri wa zaidi ya miaka 400, umezungushiwa uzio na kulindwa. Mwaka 2002 matunda yake machache yalipigwa mnada, na tunda moja, moja tu, likauzwa yuan 555,000. Sidhani aliyelinunua alikuwa na hamu ya kitu kitamu.

Zeituni ilikwenda njia nyingine, na ilianza kwa kasoro. Ichume mtini utie mdomoni, utaitema. Ina kemikali iitwayo oleuropeini, chungu kiasi kwamba hata zile nyeusi zilizoiva hazilikiki bila kutengenezwa. Mtu wa kwanza kuiona hakuwa na sababu ya kuila. Alikuwa na sababu ya kuikamua, kwa kuwa uchungu mwingi hubaki kwenye maji na machicha, mafuta yakatoka yenye ukali mdogo unaokwaruza koo tu. Kilo tano hivi za zeituni hutoa lita moja. Hakuna moto wala dawa: zinasagwa pamoja na kokwa zake, rojo linakorogwa taratibu mpaka matone ya mafuta yakutane, kisha linatenganishwa.

Za kula mezani zina kazi zaidi. Katika viwanda vya Hispania zeituni za kijani hulowekwa kwenye maji ya kostiki soda kwa saa kadhaa. Fundi huchukua moja baada ya muda, huikata kwa kisu hadi kwenye kokwa, na kutazama jinsi rangi ilivyobadilika kutoka nje kwenda ndani. Dawa ikipita theluthi mbili ya njia, anaimwaga. Akiichelewesha ikagusa kokwa, nyama italegea na pipa zima limeharibika. Baada ya hapo ni kusuuza, kisha maji ya chumvi, na kwa wiki na miezi bakteria wa ukoo wa wale wanaogandisha maziwa ndio wanaofanya kazi. Wagiriki wengi huziacha tu kwenye maji ya chumvi, miezi sita au zaidi, uchungu utoke wenyewe. Na zile nyeusi tii za kopo, zinazokatwa pete na kuwekwa juu ya piza, mara nyingi zilichumwa zikiwa kijani. Weusi wake umetokana na kupulizwa hewa ndani ya magadi hayo makali, kisha ukashikizwa kwa chumvi ya chuma. Sioni ubaya wa kuzila, lakini anayelipia zeituni iliyoivia mtini ajue anachonunua.

Kitu kinachokaa hivyo kinaweza kuwa mali. Solon, aliyeandikia Athens sheria mwanzoni mwa karne ya 6 kabla ya Kristo, alipiga marufuku kuuza mazao ya shamba nje ya nchi, isipokuwa mafuta ya zeituni. Washindi wa michezo ya Panathenaia walizawadiwa mitungi ya mafuta, na aliyeshinda mbio za magari ya farasi aliweza kuondoka na zaidi ya mitungi 100, ambayo bila shaka hakuinywa. Aliuza. Mizeituni mitakatifu ilimilikiwa na dola hata ilipokuwa kwenye shamba la mtu, na kuikata kulikuwa kosa la kufukuziwa nchi. Imebaki hotuba ya Lysias ya kama mwaka 395 kabla ya Kristo, aliyomwandikia mwenye shamba aliyeshitakiwa kung'oa kisiki. Kisiki tu, si mti. Lakini kisiki cha mzeituni huchipua, ndiyo maana sheria ilikihesabu kuwa hai.

Aristotle anasimulia habari ya Thales wa Miletus, mwanafalsafa aliyechekwa kwa umaskini. Wakati wa baridi Thales alitabiri mavuno makubwa, akalipa arbuni ndogo kwa wenye mashine zote za kukamulia za Miletus na Chios. Hakuna aliyeshindana naye msimu huo. Mavuno yalipofika na kila mtu anazitaka kwa wakati mmoja, akazikodisha kwa bei yake. Wanauchumi hupenda kusema hapo ndipo biashara ya kununua haki ya kesho ilipoanzia, na wafuasi wa zeituni huongeza kwamba tunda lisilodumu lisingeweza kuzaa ujanja wa namna hiyo.

Hapo ndipo hoja yangu mwenyewe inapopata mtihani, kwa sababu lichi nayo ilizaa ujanja uleule. Mwaka 1059 afisa wa Fujian aitwaye Cai Xiang aliandika kitabu kizima kuhusu lichi, kikitaja aina 32. Ni miongoni mwa vitabu vya zamani kabisa duniani vilivyoandikwa juu ya tunda moja. Humo anaeleza kwamba wafanyabiashara walifika mashambani miti ikiwa katika maua tu, wakapima kwa jicho, wakaandikiana mkataba wa mavuno yote, na hasara au faida ikawa yao. Waliwezaje, kwa tunda la siku tatu? Walizianika. Lichi kavu, na nyingine zilizotiwa chumvi, zilipakiwa merikebuni na mikokoteni zikaenda mji mkuu, Korea, Japani, hadi kwa Waarabu. Kwa hiyo muda wa tunda si amri ya Mungu isiyobadilika. Watu huununua kwa jua, chumvi na ustadi. Tofauti ni kwamba lichi iliyokauka ni kitu kingine, kitamu cha rangi ya kahawia kinachofanana na zabibu kavu, na kila aliyeila huko mbali alikuwa anakula ushahidi kwamba kuna nyingine bora asiyoweza kuipata. Mafuta ya zeituni hayakuwa na kasoro hiyo. Yaliyofika Roma ndiyo yaliyotoka Baetica.

Kwetu zeituni imeingia kwa sikio kabla ya kuingia kwa ulimi. Mwislamu anaikuta katika Sura ya 95, imeapiwa pamoja na tini, na tena katika Sura ya Nuru, mti uliobarikiwa unaowasha taa. Mkristo anaikuta kwenye mdomo wa njiwa wa Nuhu na kwenye mlima aliosali Yesu usiku wa kukamatwa kwake. Ndiyo maana chupa ndogo ya mafuta hayo hapa petu huuzwa zaidi kwenye maduka ya dawa kuliko ya vyakula: ya kumpaka mtoto, ya kusomea mgonjwa, ya upako kanisani. Wapo waliokua wakiamini kuwa ni dawa, wakashangaa ukubwani kuona watu wanakaangia vitunguu. Lichi haikubahatika kuingia katika kitabu chochote kinachosomwa huku, na haiwashi taa.

Lakini mti wenyewe, mzeituni, si mgeni Afrika Mashariki. Katika misitu mikavu ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania unaota mzeituni mwitu, spishi ileile moja na ile ya Bahari ya Kati, tofauti ni tawi la ukoo. Wakikuyu wanauita mutamaiyo, Wamaasai oloirien, na makaa ya kijinga chake ndiyo yanayosugulia na kufukizia vibuyu vya maziwa mpaka maziwa yanukie moshi. Vitunda vyake ni vidogo, nyama kidogo juu ya kokwa, chakula cha ndege. Hakuna aliyevikamua kwa biashara, na si kwa uzembe: huko kaskazini wakulima walianza na mti mwitu wa kwao na kuuchagua kizazi kwa kizazi kwa miaka zaidi ya 6,000. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 uliielekeza kazi hiyo ya mwanzo kwenye eneo la mpaka wa leo wa Uturuki na Syria.

Katika uhai wa miti yenyewe lichi na zeituni zinakaribiana kuliko tunavyodhani. Mizeituni minane ya bustani ya Gethsemane, Yerusalemu, ilichunguzwa na matokeo yakatangazwa mwaka 2012: sehemu za shina zilizoweza kupimwa zilikuwa za karne ya 12. Huko Putian, Fujian, kuna mlichi unaoitwa Songjiaxiang unaosemekana kupita miaka 1,200, na bado unazaa. Ila mlichi mkongwe umekuwa fahari ya ukoo au ya kijiji, wakati mzeituni mkongwe umekuwa hati ya ardhi. Katika Ukingo wa Magharibi wa Mto Jordan, ambako familia kati ya 80,000 na 100,000 za Kipalestina hutegemea zeituni kwa sehemu ya kipato chao, msimu wa kuchuma wa Oktoba na Novemba ni msimu wa ugomvi pia. Anayekata mti hapo hakusudii kuharibu chakula cha mwaka huu. Anafuta ushahidi kwamba babu wa mtu alipanda.

Kusafiri kwa miti hiyo nako kulitofautiana. Mbegu ya lichi ikitolewa kwenye nyama na kukauka hufa ndani ya siku chache. Huwezi kuitia mfukoni ukavuka nayo bahari. Wachina huzalisha kwa kuchuna gome la tawi, kulifunga udongo unyevu mpaka litoe mizizi, kisha kulikata likiwa mche. Mche huo unataka maji na uangalizi njia nzima. Ndiyo maana tunda lililolimwa China tangu zamani sana lilifika Burma mwishoni mwa karne ya 17 tu, India miaka mia hivi baadaye, na kisiwa cha Réunion mwaka 1764, likiletwa na Mfaransa Charpentier de Cossigny. Kutoka visiwa vya eneo hilo likavuka kwenda Madagaska, na mwaka 1875 Natal. Kipande cha tawi la mzeituni, kwa upande wake, huvumilia. Wafoinike na Wagiriki waliueneza Bahari ya Kati yote kabla ya Kristo, na Wahispania walikuwa nao Lima mwaka 1560.

Madagaska ndiyo inayotuonyesha lichi ilivyopatana na saa yake katika zama zetu. Mavuno ya pwani ya mashariki huanza Novemba, na Ulaya inazitaka mezani Krismasi. Katikati kuna majuma kadhaa ya bahari. Matunda hupelekwa Toamasina, huingizwa kwenye vyumba vya kufukizia moshi wa kiberiti, ambao huzuia kuvu na kulifunga ganda lisigeuke kahawia, kisha hupakiwa kwenye meli za baridi kuelekea bandari kama Vlissingen ya Uholanzi. Moshi huo hulififisha ganda likawa manjano. Wekundu unaouona dukani Paris ni ule uliorudi nusu. Zile zilizosafirishwa kwa ndege bila kiberiti zina bei mara kadhaa. Mkulima wa Madagaska hana pa kukimbilia: siku ya kufungua msimu hutangazwa, meli zinangoja, na asiyeuza katika majuma hayo machache ameshapoteza mwaka.

Mwenye mafuta anaweza kufunga tangi na kusubiri bei. Kwa sababu ya uwezo huo amejengewa taasisi: Baraza la Kimataifa la Zeituni lipo Madrid tangu 1959, lina vipimo, lina waonjaji waliofunzwa, na linatamka kuwa mafuta ya daraja la kwanza yasizidi asidi asilimia 0.8. Penye vipimo pana udanganyifu, na mafuta ya zeituni yanatajwa sana katika habari za vyakula vinavyochakachuliwa. Kusubiri nako kuna kikomo, jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: mafuta haya si mvinyo, hayapati utamu kwa kukaa. Yanayong'arishwa dirishani kwenye chupa nyeupe yanazeeka kila siku.

Kiafya, sifa zote zimeielekea zeituni. Jaribio kubwa la Hispania, lililochapishwa mwaka 2013, likaondolewa na kuchapishwa upya 2018 baada ya dosari za mgawanyo wa washiriki, lilibaki na hitimisho kwamba mlo wenye mafuta hayo au karanga za miti ulipunguza maradhi makubwa ya moyo na kiharusi. Habari ya lichi niliyoiona nzito zaidi ni ya Muzaffarpur, jimbo la Bihar, India, wilaya inayosifika kwa lichi. Kwa miaka mingi watoto wa huko waliugua ghafla alfajiri, msimu wa mavuno, wakapata degedege na kuzimia, na wengi wakafa. Wapo waliodhani ni virusi, wengine viuatilifu, wengine joto. Wachunguzi wa India na Marekani walifuatilia wagonjwa 390 waliolazwa kati ya mwishoni mwa Mei na katikati ya Julai 2014. 122 kati yao walikufa. Matokeo yalichapishwa 2017. Lichi, hasa isiyoiva, ina kemikali, hipoglisini na ndugu yake, zinazouzuia mwili kutengeneza sukari wakati wa njaa. Mtoto aliyeshiba hazimdhuru. Mtoto mdogo, mwenye utapiamlo, aliyeshinda bustanini akiokota lichi kisha akalala bila chakula cha usiku, sukari yake ya damu inaporomoka kabla ya jua kuchomoza. Aki ya Jamaika, tunda la ukoo huohuo, ina sumu hiyohiyo ikiliwa haijaiva. Ushauri uliotolewa Bihar ulikuwa rahisi kusema: mtoto asilale na njaa, na akifikishwa hospitali apimwe na apewe sukari mara moja. Hakuna aliyeshauri miti ikatwe, na ilikuwa sawa. Kilichoua kilikuwa njaa, lichi ikawa mwenzake.

Jambo moja linaziunganisha hizi mbili, nalo ndilo linalowatia wakulima wao hofu sasa. Zote zinataka baridi ili zitoe maua. Si theluji, ni majuma kadhaa ya ubaridi, kwa lichi yakiwa pia na ukavu, yanayouambia mti uache kutoa majani. Panda mlichi Dar es Salaam utapata kivuli kizuri, matunda kwa bahati. Afrika Kusini inazo zote mbili, lakini kila moja upande wake: lichi Mpumalanga na Limpopo, ambako mvua ni ya kiangazi na majira ya baridi ni makavu, na zeituni Rasi ya Magharibi, ambako mvua huja na baridi. China yenyewe ilijaribu kuichukua zeituni. Machi 1964 waziri mkuu Zhou Enlai alipanda mmoja karibu na Kunming, katika miche zaidi ya 10,000 iliyotoka Albania, na leo shamba kubwa la zeituni la nchi hiyo liko Longnan, mkoani Gansu, mbali na mikoa ya lichi.

Baridi hiyo inapungua. Hispania, inayokamua karibu nusu ya mafuta ya dunia katika mwaka mwema, ilishuka kutoka tani milioni 1.5 hivi hadi 665,000 msimu wa 2022/23 kwa ukame na joto lililochoma maua, na bei madukani ikapanda mpaka maduka mengine yakafunga chupa kwa minyororo. Italia ina balaa la ziada: bakteria Xylella, aliyegunduliwa Puglia mwaka 2013 na kuenezwa na mdudu anyonyaye utomvu, amekausha mizeituni kwa mamilioni, ikiwamo ya karne nyingi. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya lichi. Majira ya baridi ya kusini mwa China yalikuwa na joto, miti mingi ikatoa majani badala ya maua, na mavuno ya nchi yakapungua karibu nusu.

Mbinu za wakulima wa pande zote mbili zinafanana ajabu. Guangdong wanachora pete kwenye gome la tawi nene kwa msumeno mdogo, ili chakula kilichotengenezwa na majani kisishuke mizizini, kibaki juu kusukuma maua. Wakulima wa zeituni wamekuwa wakifanya hivyohivyo tangu zamani kwa miti inayokataa kuzaa. Huko Puglia wanapandikiza Leccino na Favolosa, aina zinazostahimili Xylella, juu ya mashina ya zamani yasiyokufa bado. China wanapandikiza lichi zinazokubali ubaridi mdogo. Pete ya gome husaidia mti uliopata baridi kiasi. Uliokosa kabisa, hausaidiki kwa msumeno.